Nimefuata Rumba Tukuyu, Nimekuta Rika Langu

Msomaji wangu, kama hujawahi kulisakata rumba huku umevaa koti zito na raba buti miguuni, usiniambie unaijua Tukuyu. Kule Dar es Salaam muziki ukikolea watu wanafungua mashati. Tukuyu muziki ukikolea ndiyo kwanza mtu anafungua kifungo kimoja cha koti, tena kwa mashaka.

Nimetoka huko majuzi. Nilifuata dansi. Ndiyo, dansi, na miaka yangu hii sitini na tatu. Wajukuu walipouliza babu anakwenda wapi na begi, mama yao akawajibu, "Anakwenda kutafuta ujana wake." Nikanyamaza, maana basi lilikuwa linaondoka. Lakini nimerudi na jibu, na leo nalimwaga hapa hadharani asome.

Kwanza njia yenyewe. Ukitoka Mbeya mjini unafika Uyole, hapo barabara kuu ya Dar unaiacha, unakata kulia kuelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilometa sabini, lakini ni sabini za kupanda na kushuka. Coaster inakwea taratibu, masikio yanaziba. Isongole unakuta viazi mviringo vimepangwa kando ya njia kwenye madumu na magunia. Kushoto kwako Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, umejifunika wingu kama bibi harusi asiyetaka kuonwa. Ukishapita Kiwira ndiyo kijani kinaanza kweli: migomba, chai, miparachichi, migomba tena. Huoni udongo. Mwenzangu mmoja wa Dodoma aliwahi kusema kuwa Rungwe hata nguzo ya umeme ukiichomeka inaweza kuota majani.

Mji wenyewe ni wa zamani. Wajerumani waliuita Neu Langenburg na wakajenga boma lao hapo juu, penye ubaridi. Mvua yake si ya kuhadithiwa, kwa mwaka inapita milimita 2,000. Huku mwavuli si urembo, ni kama kitambulisho. Na ukimkuta mzee ameketi kimya, mtajie mwaka 1986 tu. Atasimama! Ndio mwaka Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wao wa kwanza wa ligi kuu, Simba na Yanga wakabaki wanatazamana.

Aliyeniita ni rafiki yangu wa siku nyingi. Hapo mjini kila mtu anamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alifundisha shule ya msingi Dar miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao kwenye migomba. Miaka ya themanini tulikuwa watatu, mimi, yeye na fundi mmoja wa redio. Mshahara ukitoka, DDC Kariakoo kumsikiliza Mlimani Park. Wiki inayofuata Vijana pale Kinondoni. Dansi likiisha alfajiri hatukuwa na nauli ya teksi, tunakaa kituoni tukibishana nani kapiga solo vizuri hadi basi la kwanza la UDA lije. Fundi wa redio tulimzika mwaka 2009. Tumebaki wawili.

Mwalimu aliniambia kwenye simu, "Njoo Jumamosi. Kuna vijana wa Mbeya wanapiga nyimbo zetu. Njoo mapema, hawa hawatadumu." Nikamuuliza kwa nini hawatadumu. Akasema, "Nini?" Nikarudia kwa kupaza sauti. Akasema tena, "Nini?" Simu ikakatika. Nilidhani ni mtandao.

Kumbe si mtandao. Nilipofika kwake nikaelewa. Mwalimu masikio yamekwisha. La kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia ukiliinamia. Mke wake ndiye aliyenieleza, huku akitupakulia mbalaga, zile ndizi zao zilizopikwa na nyama zikapikika. "Shemeji," akasema, "mwambie wewe. Mtu hasikii, anakwenda dansi kufanya nini? Anarudi saa sita usiku amelowa, anakohoa wiki nzima." Mwalimu akawa anatabasamu tu. Hilo alilisikia vizuri sana, naona, kwa sababu alivuta koti lake polepole na kusimama.

Tukatoka. Saa mbili usiku, ukungu hadi kwenye magoti. Ukumbi ni ua wa baa moja mjini, umeezekwa mabati. Mlangoni kijana wa kukata tiketi akanitazama kuanzia kofia hadi buti. "Shikamoo mzee. Umemfuata mtu?"

"Marahaba. Nimekuja dansi."

Akaona haya, akanikatia. Kiingilio shilingi elfu tano. Hapo nikajua nimezeeka rasmi, maana zamani mlangoni nilikuwa naulizwa kama nina hela, leo naulizwa nimekuja kumchukua mtoto wa nani.

Jukwaani watu wanane. Gitaa la solo, rizimu, besi, drams, tumba, waimbaji wawili na kijana wa kinanda. Matarumbeta hakuna, kazi yake inafanywa na kinanda. Mwanzoni nilinuna kidogo. Sisi tuliozoea kuona safu ya matarumbeta na saksafoni inasimama kwa pamoja, kinanda tunakiona kama chai ya mfuko. Lakini walipoingia kwenye kiitikio cha pili nikasahau kununa.

Mwalimu hakukaa meza ya nyuma kama wazee wengine. Akaenda moja kwa moja hadi meza iliyogusana na spika ya besi. Akaweka kiganja cha kulia juu ya meza, kikiwa wazi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akafumba macho. Wimbo ulipofika kwenye chemko, pale mapigo yanapokimbia na waimbaji wanaacha kuimba wanaanza kuchombeza, akafumbua macho kabla ya wote na kunyoosha kidole kwa mpiga besi. Mpiga besi akacheka. Wanajuana.

Nikainama kwenye sikio la kulia. "Unasikia?"

"Napokea," akasema. "Kwa mkono. Maneno ninayo tangu 1982, hayo hawanidai."

Msomaji, nilihesabu watu. Si umbea, ni mazoea ya kazi yangu ya zamani ya uhasibu. Waliolipa walikuwa ishirini na watatu. Wengi rika letu, makoti na mabaraghashia, na akina mama wanne waliokuja pamoja, wakacheza pamoja, wakaondoka pamoja bila kumwangalia mwanamume yeyote. Sasa piga hesabu nami. Ishirini na watatu mara elfu tano ni laki moja na elfu kumi na tano. Toa elfu hamsini ya gari na mafuta kutoka Mbeya na kurudi. Kinachobaki gawa kwa wanane. Kila mtu elfu nane na kidogo, kwa kupiga toka saa mbili hadi saa sita usiku kwenye baridi ile. Bia ni za mwenye baa. Ng'ambo ya barabara kuna baa nyingine, DJ mmoja na kompyuta yake, singeli na amapiano, hapo kumejaa hadi nje na hakuna cha kugawana.

Wakati wa mapumziko kiongozi wa bendi alikuja mezani kutusalimia, akamwinamia Mwalimu na kumpa mkono kwa mikono miwili. Kwangu akasema taratibu, "Mzee, tunajaribu hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kila mtu atatafuta lake."

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sisi wapenzi wa dansi tunalialia kila siku kwamba muziki wetu umekufa. Tunawataja waliotangulia, na kweli wametangulia wengi. Mbaraka Mwinshehe 1979. Marijani Rajab 1995. TX Moshi William 2006. Remmy Ongala 2010. Muhidin Gurumo 2014. King Kikii naye 2024. Tunawatumia wenzetu nyimbo kwenye simu saa nane za usiku na vijikatuni vya kulia. Lakini swali ni hili: mara ya mwisho kukata tiketi ni lini?

Zamani swali hilo halikuwa na uzito. Bendi zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi, ndiyo ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mlimani Park iliyoanza 1978 ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la jiji. Urafiki walikuwa na bendi ya kiwanda cha nguo. Iringa kiwanda cha kuchonga almasi kilikuwa na Tancut Almasi. Jeshi lina bendi, polisi wana bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo ni vya shirika. Ukumbi ukijaa sawa, usipojaa mshahara upo. Mashirika yalipouzwa na kufungwa, yule tajiri akaondoka. Aliyebaki kumlipa mwanamuziki ni mimi na wewe pale mlangoni. Sasa kama sisi tumelala, tunamlaumu nani?

Mkisema uzee unatuzuia, nawapa mfano wa mbali. Sisi panki tunaijua kama mtindo wa kunyoa. Lakini kwa wenzetu Uingereza panki ni muziki, makelele matupu, ulilipuka London mwaka 1976, vijana wakijichoma pini puani na kuapa hawatazeeka. Wamezeeka! Sasa hivi ni mababu. Na bado kila mwezi wa nane maelfu yao wanakusanyika mji wa Blackpool kwenye tamasha liitwalo Rebellion, mvi zimepakwa rangi, magoti yanauma, wanasimama mbele ya jukwaa. Hakuna anayewauliza wamemfuata mtoto wa nani. Wanakata tiketi, bendi za wazee wenzao zinaishi.

Asubuhi ya Jumapili mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu akaniandalia chai ya maziwa na parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikamweleza, kwa kupaza sauti, lile neno la binti yangu kwamba nimekuja kutafuta ujana. Akacheka hadi akakohoa. Kisha akanipa somo, maana ualimu hauishi.

Akasema zamani huku Unyakyusa vijana hawakukaa na wazazi wao. Mvulana akifika miaka kumi hivi anatoka na wa rika lake, wanajenga vibanda vyao pembeni, wanachunga pamoja, wanalala pamoja. Wakikua wanaoa, na pale pale panakuwa kijiji chao. Kijiji cha rika, si cha ukoo. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikuja kufanya utafiti huku miaka ya 1930, na mama huyo akaandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kilichotoka 1951. Kila kizazi kulikuwa na sherehe, ubusoka, ambapo wazee wanawakabidhi vijana nchi na kusogea pembeni ili wao wapate nafasi. Baadaye ardhi ikawa finyu, mambo ya pesa yakaingia, mila ikafifia.

"Sasa sikiliza," Mwalimu akasema. "Wazee walikabidhi nchi. Walikabidhi mashamba. Lakini kuna kitu hawakukabidhi. Tunakiita ukwangala."

Ukwangala, msomaji, ni raha ya kukaa na wenzako. Si raha ya ulevi wala ya wanawake. Ni kula, kunywa, kupiga soga na kucheka na watu wa rika lako, wanaojua unachokisema kabla hujamaliza. Kwao hilo halikuwa jambo la anasa. Aliyejitenga akala peke yake alionekana ana walakini.

"Vijana wachukue jukwaa," akasema. "Wachukue redio, wachukue televisheni, halali yao. Mimi naenda pale kwangala. Wewe umetoka Dar, yule wa Kiwira anakuja na fimbo, wale mama wanne unawaona. Nikikaa nyumbani kwa sababu sisikii, nitakuwa nimekufa masikio na nimekufa watu pia."

Sikuwa na la kuongeza. Niliinama sikioni kwake nikamwambia, "Ndaga fijo." Akanisahihisha matamshi.

Basi mwanangu, kama unasoma, jibu lako hilo. Sikufuata ujana. Ujana nimewakabidhi ninyi, na mnauchezea singeli vizuri tu, hongereni. Nilifuata kijiji changu. Kimebaki na nyumba chache, nyingine zimeshaezuliwa, ndiyo maana sitaki kukosa.

Na wewe mpenzi wa dansi unayesoma haya huku umejifunika shuka saa tatu usiku, nakupa ushauri wa bure. Tafuta bendi inayopiga karibu yako. Iwe ni Msondo, iwe ni vijana wanane na kinanda. Kunywa dawa zako za presha mapema, vaa viatu visivyobana, kaa karibu na ukuta ili uegemee. Chemko likikushinda, kaa chini, hakuna anayekupa maksi. Lakini mlangoni lipa. Usiombe kupita bure kwa sababu ulimjua Gurumo.

Kuhusu vijana wa Mbeya, Mwalimu amenipigia juzi. Jumamosi iliyofuata waliolipa walikuwa thelathini na mmoja. Amekwenda nyumba kwa nyumba na mwavuli wake kuwaita. Anasema mwisho wa mwezi haujafika bado.