Albamu Iliyogandishwa kwa Uji wa Muhogo

Mnunuzi mzoefu wa stempu zilizokwisha kutumika hafungui albamu kwa kutazama picha. Huinusa kwanza. Harufu ya ukungu humwambia kwamba kitabu kimepitisha masika kadhaa ndani ya sanduku la bati au chini ya paa linalovuja. Kisha huuelekeza ukurasa kwenye mwanga, akitafuta madoa ya kahawia yafananayo na kutu, ambayo yakishaingia katika stempu ni shida kuyatoa. Hutazama kama karatasi imekuwa ya rangi ya chai na kuanza kukatikakatika pembezoni, dalili ya tindikali. Ikiwa kurasa zimevikwa plastiki, hupitisha kidole kuona kama inanata, kwa maana plastiki ya aina ya PVC hutoa kemikali zinazoharibu rangi. Mwisho huuliza swali linaloamua bei: je, stempu imeshikizwa kwa bawaba ndogo ya karatasi inayobanduka bila kudhuru, au imegandishwa moja kwa moja kwenye ukurasa? Jibu likiwa hilo la pili, wanunuzi wengi hufunga kitabu.

Nimekuwa nikinunua mikusanyiko ya namna hii kwa miaka kadhaa, kwa kadiri mshahara wa mhadhiri unavyoruhusu, na wasomaji wangu walio watumishi wa umma hawahitaji kuelezwa kadiri hiyo ni ipi. Sikuanza kwa kupenda stempu. Nilianza kwa sababu nilichoka kuwaeleza wanafunzi kwa maneno matupu jinsi dola inavyobadilisha jina lake. Stempu hueleza jambo hilo bila kupaza sauti. Unaweza kuweka mezani stempu ya Mjerumani yenye picha ya meli ya Kaisari, na pembeni yake stempu ya Mwingereza iliyopigwa juu yake herufi G.E.A., kwa sababu mtawala mpya alikuwa amefika kabla ya stempu zake. Inafuata ile ya mwaka 1922 yenye kichwa cha twiga na jina la Tanganyika. Zinafuata zile zilizoanza mwaka 1935, zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, chini ya kichwa kimoja cha mfalme. Kutoka Zanzibar kuna stempu za Sultani zilizogongwa neno JAMHURI kwa muhuri wa mkono mwaka 1964, nyingine zikiwa zimegongwa upande, kama kazi iliyofanywa kwa haraka na watu wenye mambo mengine ya kuwaza. Na kuna seti ya mwaka huohuo yenye jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina lililodumu miezi michache tu kabla ya kupatikana neno Tanzania.

(Za miaka ya 1980 na 1990 sizinunui sana. Kuanzia mwaka 1985, zilipotoka stempu zetu zenye picha za mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza, nchi ilijaza soko la wakusanyaji wa nje kwa picha ambazo Mtanzania wa kawaida hakuwahi kuzibandika kwenye barua. Hilo nalo ni somo la uchumi wa kisiasa, ila ni la siku nyingine.)

Albamu ninayotaka kuizungumzia leo niliipata Kakese, mkoani Katavi. Mwanafunzi wangu mmoja mwenyeji wa huko aliniambia kwamba jirani yao, mama mjane mwenye umri mkubwa, anauza daftari la marehemu mumewe. Nilisafiri kwa reli kupitia Kaliua, kwenye lile tawi lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi ya Mpanda, kisha nikachukua bodaboda hadi kwenye mashamba ya mpunga. Marehemu alikuwa karani wa vifurushi katika shirika la reli, akahudumu vituo mbalimbali vya magharibi, na alipostaafu akarudi kulima.

Kwa vipimo vya soko, kitu nilichokabidhiwa kilikuwa takataka. Hakikuwa albamu hata kidogo. Kilikuwa daftari kuukuu la kuandikishia vifurushi, refu, la mistari na safu, ambalo nusu yake ilikwisha kuandikwa. Mama alinieleza kwamba lilikuwa katika rundo la makaratasi ya zamani yaliyokuwa yachomwe, mumewe akaliomba. Stempu zilikuwa zimegandishwa kwa uji wa unga wa muhogo, kwa sababu bawaba za wakusanyaji hazikuuzwa katika duka lolote alilolijua. Uji wa muhogo ni gundi nzuri, na ni chakula kizuri pia, kwa hiyo mende walikuwa wamepita. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimevimba, zile za katikati zimeshikana, na karibu stempu moja kati ya tano ilikuwa imeliwa ukingo.

Lakini chini ya kila stempu, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ili wakaguzi wasome, marehemu alikuwa ameandika mambo matatu: barua ilitoka wapi, ilikuwa ya nani, na nani alimpa bahasha. Wamisionari walimpa za Uholanzi, Ujerumani na Kanada. Mwalimu alimpa za Kampala. Mfanyabiashara wa duka alimpa za Bombay. Inafaa msomaji kijana akumbuke kwamba katika nchi yetu barua haikupelekwa mlangoni. Ilikwenda kwenye Sanduku la Posta, na mtu wa kijijini hakuwa na sanduku. Alitumia la shule, la parokia au la mwajiri. Hivyo anwani ya mtu ilikuwa pia maelezo ya nani anamdhamini. Daftari lile linaonyesha, bila mwandishi wake kukusudia, ramani ya udhamini huo: nani alipokea barua kupitia kwa nani, na njia hiyo ilibadilika mwaka gani.

Alikuwa pia na desturi nyingine ambayo wakusanyaji wachache wa wakati wake walikuwa nayo. Hakubandua stempu kwenye bahasha. Alikata kona nzima ya bahasha ili muhuri wa posta ubaki kamili, na mji na tarehe visomeke.

Ukurasa mmoja ulikuwa tofauti. Juu yake aliandika neno moja, "Mdogo", na chini akachora kwa penseli vyumba kumi na viwili vya mraba. Vinne vilikuwa na stempu, zote zenye muhuri wa Korogwe. Tatu zilikuwa za Malkia, za kati ya 1958 na 1960. Ya nne ilikuwa ya Tanganyika huru, yenye tarehe ya Machi 1963. Vyumba vinane vilikuwa vitupu. Korogwe ni nchi ya mkonge, na mikoa ya magharibi ndiko zilikotoka nguvukazi za mashamba hayo kwa miongo mingi, wakiandikishwa na ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU na kuitwa manamba, yaani watu wa namba. Tumeandika mengi kuhusu uchumi huo vyuoni. Sikuwa nimewahi kuona ukitengewa nafasi nane kwa penseli.

"Huyo ni shemeji yangu," mama alisema nilipofika hapo. "Marehemu alisema anamwachia nafasi, asije akaandika akakuta hakuna."

Sasa, bei. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amenitangulia na kumwahidi shilingi elfu thelathini. Siwezi kusema alikuwa mwizi. Kwa hesabu zake alikuwa mkarimu. Alikuwa akihesabu stempu zilizo nzima, akitumia orodha za bei zinazopangwa ng'ambo, ambapo stempu nyingi zilizotumika za Kenya, Uganda na Tanganyika ni za senti, kwa sababu zilichapishwa kwa wingi mno. Alikuwa amemweleza pia jinsi angefanya: kulowesha kurasa katika maji ya uvuguvugu. Uji wa muhogo huachia haraka. Stempu zingeelea, zingekaushwa kati ya karatasi safi, na zingeuzwa bila dosari kubwa. Wino wa buluu ungeondoka na maji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale rafiki zangu wanaodai kwamba thamani ya kitu ni ile ambayo soko limeikubali. Soko lililokubali bei hii lina macho ya kuona ukingo ulioliwa na mende, lakini halina safu ya kuandikia kwamba bahasha ilipitia kwa paroko. Ni kweli kwamba wapo wakusanyaji wanaojali historia ya posta na hulipa zaidi kwa bahasha nzima yenye mihuri. Nao, hata hivyo, hutaka bahasha safi, na mara nyingi hutaka iwe ya mtu mkubwa. Kwa mjane wa Kakese mlango ule mmoja wa elfu thelathini ndio uliokuwa wazi, na mbolea ya msimu ilikuwa inamsubiri.

Nilimwamkia upya, tukaanza mazungumzo ya bei. Nilisema ninanunua kurasa, na stempu ni nyongeza. Alicheka. "Mwalimu, karatasi zilizoliwa na mende unazilipia nini? Watu watasema nimekuibia mtoto wa watu." Tuliishia laki nne, baada ya yeye kunipunguzia mara mbili bila kuombwa. Kisha akachukua wembe, akakata ukurasa wa Korogwe taratibu kutoka kwenye mshono, na kuuweka ndani ya Biblia. Katika biashara hii mkusanyiko uliotolewa ukurasa mbele ya mnunuzi hushuka bei papo hapo. Sikuona sababu ya kulitaja hilo.

Wapo watakaoniuliza, hasa wale mnaofanya kazi masjala, kama ninayo haki ya kulimiliki daftari lile. Swali ni la haki. Tangu mwaka 2002 tunayo sheria ya kumbukumbu na nyaraka, na daftari la vifurushi la shirika la umma ni waraka wa umma hata kama limelala kwenye sanduku la mtu kwa miaka arobaini. Lakini jambo la kwanza ambalo masjala yoyote ingelazimika kuamua ni kama waraka ni kile kilichoandikwa na shirika au kile kilichobandikwa juu yake na karani, kwa sababu viwili hivyo haviwezi kusomwa pamoja. Nimeona majalada ya ofisi ambayo bahasha zake zilitupwa ili yapungue unene, na tarehe za kupokelewa barua zikaenda nazo. Aliyefanya hivyo aliamini anasafisha.

Kwa sasa nimelitenganisha daftari kurasa kwa kurasa, nikaweka karatasi isiyo na tindikali katikati, na ninalihifadhi likiwa limelala, mbali na plastiki na mbali na ukuta wa nje. Kurasa zilizoshikana sijazigusa. Nimepiga picha zinazosomeka. Katika ukurasa wa thelathini na moja, chini ya stempu ya Uholanzi iliyobanduka upande mmoja, yanaonekana maandishi ya zamani ya safu ya vifurushi: debe nne za asali, jina la mpelekaji lenye herufi tatu za mwanzo, na mstari unaoendelea chini ya uji wa muhogo. Ili kuusoma mstari huo inabidi ukurasa uloweshwe.