Haiyakufa Bado

Gari letu la nyumbani ni Toyota Corolla ya 1998. Watu wawili walikwisha kulitumia kabla Baba hajalinunua, na tangu alipostaafu ualimu mimi ndiye ninayeliendesha. Asubuhi nampeleka mdogo wangu shuleni, kisha naelekea Kasapa kwenye masomo. Jumamosi nabeba abiria mjini Lubumbashi ili nipate sehemu ya minervali. Gari hili linatulisha, na kila asubuhi linambeba mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekaa kando yangu, mfuko wa shule magotini. Naomba msomaji akumbuke mambo hayo mawili anaponisoma.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, nilipeleka gari Katuba kwa fundi wetu kubadilisha mafuta ya mota. Ni mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, nasi tunamwita Papa tu. Alilipandisha kwa kriki, akaweka magogo chini, akalala chali akaingia. Alitikisa kila kitu kama daktari anavyobonyeza tumbo. Alipofika kwenye silembloki za mbele alikaa sana.

Kwa wasiopata kulala chini ya gari, nieleze. Gurudumu la mbele limeshikwa na mkono wa chuma unaopanda na kushuka kila tunapopita shimo. Mahali mkono huo unapofungwa kwenye mwili wa gari, chuma hakigusi chuma: katikati kuna kipande cha mpira kilichobanwa baina ya bomba mbili, ndogo ndani na kubwa nje. Hicho ndicho silembloki. Mafundi wa Tanzania wanakiita bushi, sisi tumechukua neno kwa Wafaransa. Mpira huo hauzunguki, unajisokota kidogo na kurudi, mara maelfu kwa siku, na ndio unaozuia gurudumu lisiende mbele wala nyuma kwa hiari yake.

Papa alichomeka mtaimbo, akasukuma, akaachia. Mpira ulikuwa na mipasuko midogo juu juu kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi, lakini ulirudi mahali pake. Nikamwuliza kutoka juu:

— Papa, ile silembloki iko namna gani?

— Haiyakufa bado, mwana. Lakini ilisha kuchoka.

— Njo kusema minaweza kutembea nayo?

— Utembee. Lakini uangalie.

Nililipa mafuta nikaenda zangu. Dola arobaini na tano nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya gari nikazipeleka kwenye kuchapa memwari. Nilijiambia: fundi mwenyewe amesema haijafa.

Sasa nikiri jambo la aibu. Memwari hiyo inahusu wakati wa vitenzi katika Kiswahili cha Lubumbashi, na sura yake ya pili yote ni juu ya kiambishi kile kile ambacho Papa alinitamkia. Vitabu vya sarufi, kama kile cha Ashton cha 1944, vinatufundisha kwamba -ja- katika ukanushi ni tofauti na -ku-. Ukisema «haikufa», umefunga habari: lilitazamiwa au halikutazamiwa, tendo halikutokea. Ukisema «haijafa», habari iko wazi: tendo halijatokea, na msikilizaji analingojea. Wengi wanahusisha -ja- hiyo na kitenzi kuja. Kwetu kitenzi hicho ni kuya, na kiambishi chetu ni -ya-. Kwa hiyo aliyesema «haiyakufa» hakusema kwamba kitu ni kizima. Alisema kifo chake kiko njiani.

Tena Papa hakuishia hapo. Aliongeza «ilisha kuchoka», na sisi watu wa Lubumbashi tunatumia -lisha kwa jambo lililokwisha kutimia na ambalo matokeo yake tunakaa nayo. Kwa sentensi mbili fupi alinipa tarehe ya mwanzo na kunionya juu ya tarehe ya mwisho. Mimi, mwenye sura nzima ya memwari juu ya viambishi hivyo, nilisikia neno moja tu, «bado», nikalifanya ruhusa.

Mvua zilipoanza, mashimo yaliongezeka, na gari likaanza kugonga: ko, ko, upande wa kushoto, hasa nikipita polepole. Kijana mmoja wa garaji nyingine alinishauri nimwagie mafuta ya mota. Nilimwaga. Siku mbili kelele ikanyamaza, nikafurahi. Baadaye Papa alinieleza nilichokuwa nimefanya: mafuta yanalainisha mpira na kuuvimbisha, nao unaoza upesi kuliko ungeoza wenyewe. Nilikuwa nimenyamazisha shahidi.

Mwezi wa Januari niliona tairi la kushoto limelika upande wa ndani peke yake, huku upande wa nje bado una meno. Hilo pia niliona kama habari ya tairi, si ya silembloki. Nikalihamisha nyuma.

Kisha asubuhi moja, kwenye barabara ya kwenda shuleni, mtu wa baiskeli ya makala alitoka kichochoroni na magunia yake matatu. Nilikanyaga breki kwa nguvu. Gari halikusimama moja kwa moja: lilivuta kushoto, usukani mkononi mwangu, likaingia upande wa magari yanayokuja. Taksi-bisi iliyokuwa mbele yetu ilipanda ukingo wa barabara. Hakuna aliyeguswa. Dereva wake alishuka, akanitazama, akamtazama mdogo wangu, akarudi garini bila kunitukana. Ningependa anitukane.

Siku hiyo hiyo Papa alichomeka mtaimbo mahali pale pale. Safari hii mpira ulikuwa umeachana na bomba la ndani, na chuma kilisogea upana wa kidole bila kitu cha kukizuia. Ukikanyaga breki, alinieleza, barabara inasukuma gurudumu nyuma. Mkono ukiwa huru, unaenda nalo, na gurudumu linageuka lenyewe bila kuuliza usukani.

— Sasa ilikufa, alisema. Hakuongeza neno.

Tulibadilisha pande zote mbili, kwa sababu upande wa kulia umetembea njia ile ile. Silembloki za zamani zilitolewa kwa presi ya jirani, na Papa alikataa kukaza buloni gari likiwa bado juu ya magogo. Alilishusha kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo akakaza. Ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, mpira utabaki umejisokota kila siku gari linapokaa chini, na utapasuka kabla ya wakati wake. Mwishoni tukaenda kupima paralelizimu. Kwa silembloki, presi, paralelizimu na tairi jipya nililipa zaidi ya mara mbili ya zile dola arobaini na tano, na memwari ikasubiri.

Tangu hapo watu wa kitivo wananiuliza: basi mtu abadilishe lini? Wengine wanataka hesabu ya kilomita. Kilomita za barabara ya lami na za mashimo ya Katuba si kilomita za aina moja. Ninachoweza kusema ni nilichojifunza chini ya lile gari. Mipasuko ya juu juu, mpira ukirudi unaposukumwa, ni uchovu: tembea, lakini weka fedha kando tangu siku hiyo na umwombe fundi aingie chini kila unapobadilisha mafuta. Kelele kwenye mashimo, tairi linalolika upande mmoja, gari linalovuta unapokanyaga breki: likitokea moja kati ya hayo, na mtaimbo ukithibitisha kwamba silembloki ndiyo chanzo, badilisha. Usingojee la pili. Mimi niliyangojea yote matatu, na la tatu lilikuja na mtoto ndani ya gari.

Kuna jambo jingine ambalo linatuhusu sisi wa lugha. Tumezoea kwenda kwa wasemaji na kinasa sauti, tukachukua sentensi zao, tukazikata vipande na kuandika chini yake majina ya viambishi. «Haiyakufa» ninayo katika daftari langu la utafiti mara kumi na saba, kutoka kwa watu mbalimbali, na uchambuzi wangu si mbaya. Lakini mtu alipoitumia kwa kuniambia mimi jambo, nilimsikia kama mtu asiyejua Kiswahili. Nilichambua sentensi za watu bila kuuliza walikuwa wanamwonya nani.

Juma lililopita Papa alitikisa rotili ya kulia, akafuta mikono, akaniambia: «Haiyakufa bado.» Nilifungua daftari nikaandika tarehe. Jioni ile niliweka franka za kwanza kando.