Moto wa Makaa ya Mawe Igoma

Nilikwenda Mwanza kwa mara ya kwanza nikitafuta wahunzi. Nilikuwa nimesikia habari za Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita na Buzinza, ambao majembe yao yalifika mpaka Unyamwezi na kutolewa mahari enzi ambazo jembe la kiwandani lilikuwa bado halijaingia. Nilitaka kuuona moto wenyewe.

Wenyeji wakaniambia nianzie Bujora. Nikapanda daladala ya Kisesa, tukashika barabara ya Musoma kupitia Mabatini, Nyakato na Igoma, huku majabali yamepandana juu ya paa za nyumba. Kisesa ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini. Nikamalizia kwa bodaboda. Pale ndipo padri David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alipoanzisha makumbusho yao. Nyumba ya mhunzi ipo, lakini tanuri limepoa, na tanuri lililopoa halimfundishi mtu jinsi ya kuuongoza moto. Nikauliza palipo na mhunzi anayefanya kazi. Nikarudishwa Igoma.

"Mwadila, mzee," nilimsalimia mhunzi. Akanijibu, akaniwekea kigoda mahali upepo unapotoka ili moshi usinifuate.

Karakana yake ni nguzo na bati tu, haina kuta. Wateja humshauri ajenge tofali kwa sababu ya wezi. Amekataa, na nadhani ni uamuzi wa busara kuliko yote niliyoyaona siku ile. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Kichwa huanza kuuma, miguu hulegea, na mtu hudhani amechoka. Gesi hiyohiyo huua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. "Zana nitazifungia nyumbani," mzee alisema. "Hewa siwezi kuifungia."

Wahunzi wa kanda hii hutumia mkaa wa miti, kwani makaa ya mawe yanachimbwa mbali, Kiwira na Ngaka, kusini kabisa mwa nchi. Lakini dereva wa lori alikuwa amemletea gunia moja, na mzee alikuwa akimfundisha mjukuu wake tabia ya makaa hayo. Kwangu hiyo ilikuwa bahati kubwa.

Aliwasha kwanza mkaa wa miti katikati, kidogo, kisha akayapanga makaa ya mawe pembeni, yakiwa yamelowa. Hakuyamwaga juu. Makaa mabichi hutoa moshi mzito wa njano wenye salfa, na salfa huharibu chuma. Yakiiva taratibu pembeni, moshi hutoka na kuungua, yanabaki koki, na hiyo ndiyo inayosogezwa katikati. Maji yanauzuia moto usitambae.

Mvukuto wa ngozi hana tena. Hewa hutoka kwenye feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli. Mjukuu alipotaka kuliacha gurudumu apumzike, mzee alimkemea: "Polepole, mjukuu wangu, usilikate ghafla!" Hewa ikikatika, gesi ya makaa mabichi hurudi ndani ya bomba, na msukumo unaofuata unaweza kuilipua. Ndiyo maana bomba lake lina tundu la pembeni la kuitolea.

Springi ya gari ikaingia motoni, ikapita wekundu wa damu, ikafika rangi ya chungwa. Hapo huitoa na kuifua. Ikiwa nyeupe na kurusha cheche, chuma chenyewe kimeanza kuungua na hakitafaa kwa jembe. Kijana mmoja alileta bomba la maji lililopakwa zinki akunjiwe. Mzee alimrudishia bila hata kuligusa: zinki ikipata joto hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku, na bomba lililozibwa ncha zote mbili hupasuka. Kijana alinuna. Mimi nilimheshimu mzee zaidi.

Mavazi yake ni ya pamba tupu, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kabla ya kushika chuma chochote kilicholala chini hukisogezea kwanza mgongo wa mkono bila kukigusa, maana chuma cheusi bado kinaweza kuchoma.

Jioni aliutawanya moto, akaopoa mavi ya chuma yaliyoziba tundu la hewa. Maji aliyanyunyiza kidogokidogo kuanzia pembeni. Ukimwaga ndoo nzima, mvuke hukurukia usoni. Majivu aliyatia kwenye debe la bati, mbali na mbao. Vipande vya koki vilivyobaki akaviweka kando: ndivyo atakavyowashia kesho yake, kwa sababu havina moshi.