Daftari la mjomba

Likizo hii nilikuwa nyumbani Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Mjomba anawakopesha wachimbaji wadogo unga na maharage, nami daftari lake nimelihamishia kwenye LevelDB, hifadhidata ndogo iliyotolewa na Google mwaka 2011. Haihitaji seva, inakaa ndani ya programu yenyewe. Ufunguo ni namba ya simu, thamani ni deni. Ukiandika namba, jibu hilo!

Basi bwana, mjomba akauliza: "Mpwa wangu, wa Kakola nawadai akina nani?" Hapo ndo kazi. Funguo zimepangwa kwa namba, si kwa kijiji, kwa hiyo inasoma deni moja moja mpaka mwisho. Dawa ni faharasa ya pili: kijiji kwanza, namba baadaye. Ila unaitunza mwenyewe. Kila mkopo unaandikwa sehemu mbili kwa mkupuo mmoja. La sivyo umeme ukikatika katikati, aliyelipa anadaiwa tena.

Sasa anataka tawi Kakola. LevelDB inafunguliwa na programu moja tu kwa wakati mmoja, kompyuta mbili haziichangii. Nimemwambia, duka moja inatosha kabisa. Mawili, tunahamia seva. Mwenye ya bei poa anishtue!