Kahawa ya Kutafuna

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Muleba, migomba na mibuni hukusindikiza njia nzima. Muleba ndiko ilikokuwa Ihangiro, moja ya falme za Wahaya hadi utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963. Huku mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa. Zamani waliochanjiana udugu walimeza buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mimi muuguzi nasema hilo lipumzike.

Lakini kahawa yenyewe? Binti yangu, aliyekulia Mwanza, aliitema mbele ya bibi yake. Niliona haya. Mama mkwe hakusema neno. Alimwekea nyingine kiganjani.