Nilifuata mshale Kisesa, babu akanifundisha kuushusha

Ubishi wa kijiweni una gharama zake. Wangu umenigharimu sahani nne za ugali na sato, pamoja na mkono wa kushoto uliovimba kama andazi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa washikaji watano pale Mabatini, tunapiga stori za michezo. Mmoja akakumbushia Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, jinsi kina dada wa Korea Kusini walivyobeba dhahabu ya timu katika upinde na mshale. Ilikuwa mara ya 10 mfululizo, tangu mwaka 1988 hakuna aliyewagusa.

Mimi mdomo ukanitoka: "Hao hawajakutana na Wasukuma. Babu yangu alikuwa sungusungu, hii kitu iko kwenye damu. Leteni papai, niwekeeni hatua 20, natoboa!"

Jamaa wakacheka mpaka machozi. Tukawekeana sahani ya sato kwa kila mmoja, na mimi nikapewa wiki mbili za kujifua. Sikuwa na klabu wala kocha. Nilikuwa na babu tu.

Jumamosi asubuhi nikadaka daladala ya Kisesa. Tukapita Buzuruga, tukapita Igoma, majabali ya Mwanza yakibaki nyuma moja moja kama wazee waliochoka kutusindikiza. Pale Kisesa nikapanda kwanza kilimani Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri wa Kikanada, David Clement. Kama hujafika, nenda. Lipo jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, zipo ngoma za watemi, na kila mwezi Juni kunafanyika sikukuu ya Bulabo ambapo wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wanaoneshana kazi. Nikatembea humo nikijiona shujaa kabisa, mjukuu wa wenye mishale.

Kutoka hapo bodaboda ikanipeleka kijijini kwa babu, upande wa ziwani. Nikamkuta chini ya mwembe.

"Mwangaluka, babu!"

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Umekuja na njaa au na shida?"

Nikamweleza habari ya papai. Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na upinde wake. Ni mti mmoja uliopindwa, umekuwa mweusi kwa moshi na mafuta, na uzi wake ni kano za ng'ombe. Nikanyoosha mkono nipokee, akanigonga vidole.

"Hujauliza jicho lako."

Jicho ndilo bosi

Hilo somo hata makocha wa kisasa huanza nalo. Jaribu hapo ulipo. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja ubakize kitundu kidogo, kisha tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, macho yote mawili wazi. Sasa fumba jicho moja, halafu jingine. Jicho ambalo likibaki peke yake bado unakiona kile kitu, hilo ndilo bosi wako. Kama bosi ni la kulia, mkono wa kushoto unashika upinde na wa kulia unavuta.

Kisha miguu. Husimami ukiitazama shabaha kifua mbele kama unataka kupigana nayo. Unasimama ubavu, miguu imeachana kwa upana wa mabega, na kichwa pekee ndicho kinageuka. Vidole vitatu vinakamata uzi, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake. Unavuta kwa misuli ya mgongo, siyo kwa kiwiko, mpaka mkono uguse taya. Na kila ukivuta uguse palepale. Leo kwenye shavu, kesho kwenye sikio, mshale nao utakwenda unakotaka wenyewe.

Pia usivute upinde usio na mshale ukauachia. Nguvu iliyokuwa iondoke na mshale inarudi kwenye mti na uzi, na upinde unaweza kupasuka mkononi.

Babu alijaza kiroba mabua ya mpunga, akakiegemeza kwenye kichuguu ili mshale ukikosa usiende kwa watu. Nikavuta. Nikahesabu moja, mbili, nikawa tayari kuachia.

"Shusha," akasema.

Nikashusha taratibu, mkono unatetemeka. Nikavuta tena. "Shusha." Mara ya tatu, "Shusha." Nadhani ilifika mara 30, jua limeshapanda, na mimi sijaachia mshale hata mmoja! Uvumilivu ukanishinda. "Babu, mimi nimekuja kujifunza kupiga, siyo kushusha!"

Akaketi. Ndipo akanisimulia habari ambayo hata baba yangu hakuwahi kunieleza.

Usiku wa filimbi

Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Kahama na majirani zake, wakasambaa Usukuma nzima. Ng'ombe walikuwa wanaibwa kwa bunduki, na watu walichoka kusubiri msaada. Kila kaya ikatoa mtu mwenye upinde, mishale na filimbi. Ikilia filimbi moja, inajibiwa kijiji cha pili na cha tatu, mwizi anakosa pa kukimbilia. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wezi walipungua, watu wakalala. Lakini babu hafichi upande wa pili: wapo walioumizwa, wapo waliouawa, bila kesi wala ushahidi, kwa neno la mtu tu.

Usiku mmoja wa mwaka 1984 filimbi ililia. Babu akajibanza kwenye ua wa minyaa. Kivuli kikapita kikikimbia kwa kuinama. Akavuta mpaka taya. Wenzake nyuma wakawa wanamhimiza, "Piga! Piga!"

"Kile kivuli kikakohoa," babu akasema. "Mimi nakijua kikohozi cha mwanangu."

Alikuwa baba yangu mdogo, miaka 16, anatoroka ngomani kurudi nyumbani kabla hajagundulika.

Babu akashusha upinde. Mikono yake, anasema, ilitetemeka siku tatu. Hakumwambia mwanawe, na tangu siku hiyo hakumfundisha mtu yeyote kuvuta kabla hajajua kushusha.

"Kupiga kila mtu ataweza," akaniambia. "Mshale ukishatoka hauna masikio."

Baba mdogo, kama unasoma ukurasa huu dukani kwako, usishituke. Nilimwuliza mzee kama naweza kuandika, akasema, "Andika, sasa ameshazeeka, hatatoroka tena."

Papai likasalimika

Jioni ile aliniruhusu kupiga. Mshale wa kwanza ukazama kwenye majani, na uzi ukanichapa mkono wa ndani mpaka nikaruka. Ndiyo maana wachezaji huvaa kinga ya ngozi hapo. Halafu mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo hutoka ziwani na kusukuma mshale pembeni, kwa hiyo mazoezi mazuri ni ya asubuhi. Na tulipokwenda kuokota mishale, tulikwenda pamoja, upinde umewekwa chini. Hakuna kumtangulia mwenye upinde mkononi.

Wiki mbili zikaisha. Washikaji wakaja wote wanne. Mishale 12, hatua 20: miwili ikapiga kiroba, mmoja ukapita karibu na papai ukalisalimia. Papai tulilila.

Sasa wapime wale wa Olimpiki. Wanapiga mita 70. Simama golini pale CCM Kirumba, vuka mstari wa katikati, ongeza kama hatua 20. Shabaha nzima ina upana wa sentimita 122, na kitovu cha pointi 10 hakifikii kisosi cha chai. Na siyo mchezo wa mbali na sisi: majirani zetu Kenya walimpeleka Shehzana Anwar Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na ndiye aliyewabebea bendera siku ya ufunguzi.

Hata hao mabingwa, wakihisi mvuto haujakaa sawa, wanashusha na kuanza upya. Nilipomweleza babu hilo, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Mimi narudi kijijini Jumamosi. Safari hii sijaweka dau na mtu.