Mzee wa Kiembe Samaki Avuka Ulaya kwa Gari

Zamani mzee huyu akitaka kusafiri, kitu cha kwanza kutafutwa nyumbani kwake Kiembe Samaki, Zanzibar, kilikuwa wanaume wenye nguvu. Uwanja wa ndege haupo mbali, na daladala za namba 505 zinapita barabarani, lakini gari za mbao za siku zile hazikumfaa: unaingilia nyuma, unainama, watu wamebanana, na kiti cha magurudumu hakina pa kukaa. Katika miaka ya tisini alipandishwa ndege ya Muscat mgongoni mwa mpwa wake, mchukuzi kamshika miguu, na abiria waliokwisha kukaa wakimkodolea macho.

“Mwanangu,” alimwambia bintiye baadaye, “mie sibebwi tena mbele za watu.”

Binti hakulisahau neno hilo. Alipoolewa na kuhamia Ujerumani ndipo alipopata wazo la kumtembeza baba yake kwa gari, kutoka Potsdam, mji uliofunga udugu na Jiji la Zanzibar mwaka 2017, washuke hadi Munich, wavuke Austria na kumalizia Venice. Venice aliitaka mzee mwenyewe. Alisikia ni mji wa vichochoro kama Mji Mkongwe.

Mara hii hapakutafutwa wanaume. Ilitafutwa futi kamba. Kaka mtu alipima upana wa kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu, akapima urefu wake, kimo chake kikikunjwa, na uzito. Vipimo vikatumwa kwa simu, na kwavyo binti akaanza kuuliza kila hoteli swali moja: mlango wa choo una sentimita ngapi?

Ikabaki betri. Kwa kanuni za usafiri wa anga, betri ya lithiamu inayochomolewa kwenye kiti kinachokunjika isizidi wati-saa 300, na abiria huingia nayo ndani ya ndege, haiachwi kwenye mizigo. Mzee alikuwa fundi umeme kabla ya kuanguka nguzoni. Akavaa miwani, akasoma kibandiko: volti 24, ampea-saa 10. “Mia mbili na arubaini,” akasema. “Inapita.”

Kuhusu viwanja vya ndege, sheria ilikwisha kusema. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 26, 2008, inavitaka viwanja vya nchi za umoja huo vimsaidie abiria mwenye ulemavu bila malipo, mradi taarifa itolewe angalau saa 48 kabla. Ndege ilipotua Ujerumani, lilikuja gari lenye chumba kinachonyanyuka hadi mlango wa ndege. Mzee akatoka amekaa kwenye kiti, mgongo wima.

Barabarani, choo ndicho kilichopanga njia. Ujerumani kuna ufunguo mmoja maalumu, uliobuniwa Darmstadt mwaka 1986, unaofungua maelfu ya vyoo vya watu wenye ulemavu kwenye barabara kuu na mijini, na katika nchi jirani pia. Huuzwa kwa anayethibitisha ulemavu wake tu, ndiyo maana vyoo hivyo hukutwa safi. Venice ilikuwa na shida yake: madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi. Lakini boti za abiria zinapokea viti vya magurudumu, basi walichukua chumba karibu na gati, na sehemu kubwa ya mji wakaiona kutoka majini.

Nyumbani nako mambo hayakusimama. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ulianzishwa mwaka 1985, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2006, mwaka ule ule wa kanuni ya Ulaya. Hata hivyo mzee aliyefika Venice bado hawezi kuingia katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Kuna wanaosema kwamba mji ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, haufai kuguswa. Hoja hiyo haina nguvu. Ubao wa mteremko unaowekwa na kuondolewa, kazi ndogo kwa seremala yeyote wa Unguja, hauharibu mlango wa nakshi.

Wenye nyumba za wageni na mikahawa, pimeni milango yenu. Andikeni upana wa mlango, kimo cha kizingiti na idadi ya ngazi pale mnapoandika bei, ili mgeni mwenye kiti ajue kabla hajatoka kwake.